Utulivu Hauuzwi Pamoja na Kiwanja





Juma hili tunapenda tuzungumze juu ya mahali tunapoishi. Tunasema juu ya ukanda huu ulioko kati ya Mto Mpiji na mji mkongwe wa Bagamoyo: Mapinga, Kerege, Zinga na vitongoji vyake, mahali ambapo mtu huiacha lami kwa mwendo wa dakika chache tu akajikuta juu ya mchanga, chini ya minazi na mikorosho, upepo wa bahari ukimpiga usoni. Si mjini, wala si shamba kamili. Watu wa Dar es Salaam hupaita nje ya mji. Wenyeji wa asili hupaita kwao. Tofauti ya majina hayo mawili ni ndogo masikioni, lakini ndani yake limo jambo lote tunalotaka kulisema leo.

Tuanze na hesabu, maana hesabu hazina upendeleo. Katika Sensa ya mwaka 2012 Mkoa wa Dar es Salaam ulikuwa na watu 4,364,541. Katika Sensa ya mwaka 2022 ukawa na watu 5,383,728. Hilo ni ongezeko la takriban asilimia 23. Katika miaka hiyo hiyo kumi, Mkoa wa Pwani ulitoka watu 1,098,668 ukafika watu 2,024,947, yaani ongezeko la takriban asilimia 84. Maana yake haihitaji mtaalamu. Jiji limejaa hadi ukingoni, na kilichojaa humwagika. Watu wamemwagikia Kibaha, wamemwagikia Mkuranga, wamemwagikia na huku kwetu.

Tunawafahamu hao waliokuja, kwa kuwa wengi wao ndio tunaosali nao kila Dominika. Ni mstaafu aliyefanya kazi serikalini miaka 30 na kupanga vyumba viwili uswahilini, akiota siku moja ataamka asisikie redio ya jirani. Ni mama mfanyabiashara aliyeweka akiba kidogo kidogo, akanunua kiwanja cha hatua ishirini kwa ishirini, akapandisha nyumba tofali kwa tofali kwa miaka minane. Ni familia changa zilizochoka na foleni za Mwenge na Tegeta, zikaamua kuvumilia safari ndefu ya asubuhi ili jioni watoto wapate mahali pa kukimbia. Wengi asili yao ni Kilimanjaro, Kagera, Ruvuma, Mbeya na kwingineko bara. Tunawapokea kwa mikono miwili. Kwa michango na jasho lao makanisa yamesimama mahali palipokuwa na vichaka. Basi haya tutakayoyasema mtu asiyasome kama shutuma dhidi ya wageni. Tunasema na watu wa nyumbani mwetu.

Ukimuuliza kila mmoja wao amefuata nini huku, jibu ni neno moja: utulivu. Na dalali alijua neno hilo kabla ya mnunuzi kulitamka. Humwonyesha mteja wake mipaka minne ya kiwanja, kisha hunyosha mkono kuelekea baharini na kumwambia ahisi upepo, asikilize palivyo kimya. Upepo na ukimya huingizwa kwenye bei. Sisi tunashika msimamo huu: dalali ana uwezo wa kuuza udongo, lakini utulivu hakuwa nao, wala hawezi kumuuzia mtu. Utulivu wa mahali hutengenezwa na watu wanaoishi mahali hapo, na hao hao wanaweza kuuvunja.

Wasomaji wetu wanalijua jina la Bagamoyo na maelezo yake. Wapo wanaolieleza kwa furaha ya wapagazi, waliotembea kwa miguu miezi mingi kutoka Tabora na Ujiji wakiwa na pembe za ndovu mabegani, na walipoiona bahari wakatua mizigo na kubwaga moyo, yaani kupumzika. Na wapo wanaolieleza kwa machungu ya mateka, waliofikishwa pwani na kujua kwamba mbele yao ni jahazi na nchi ya ugeni, wakaibwaga mioyo yao hapa kwa kuwa hawatarudi tena. Hatuna haja ya kuamua ni maelezo yapi yaliyo ya kweli. Yatosha kuona kwamba watu wameweza kuyaamini yote mawili, kwa sababu mahali pamoja paweza kuwa pumziko la mmoja na msiba wa mwingine. Swali letu la leo ni hilo hilo, ila karne imebadilika. Yule anayekuja kubwaga moyo wake hapa kwa raha, je, yupo mwingine anayeubwaga wake kwa uchungu ili nafasi hiyo ipatikane?

Waliotutangulia katika imani huku pwani walikutana na swali hilo. Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walifungua misheni ya Bagamoyo mwaka 1868, na kazi yao ya mwanzo ilikuwa kuwapokea watu waliokombolewa utumwani na kuwapatia makazi na mashamba. Kanisa lilianza kwenye mwambao huu kwa kumpa mahali pa kuishi mtu asiye na mahali. Nasi tuliorithi Kanisa hilo hatuwezi kulichukulia suala la nani anaishi wapi, na kwa gharama ya nani, kuwa ni biashara ya watu binafsi isiyotuhusu.

Ni vema hapa tukatenganisha maneno mawili ambayo aghalabu huchanganywa. Ukimya ni kukosekana kwa sauti. Utulivu ni kukosekana kwa hofu na ugomvi. Makaburini pana ukimya. Nyumba ambayo mume na mke hawasemezani nayo ina ukimya mwingi, lakini hakuna atakayeithubutu kuiita tulivu. Kinyume chake, kitongoji cha pwani jioni hakiko kimya hata kidogo: watoto wanakimbizana, wazee wanazozana juu ya kete za bao, mwadhini anaita, kinu kinatwanga, mtu anapiga hodi uani na kujibiwa karibu kabla hajamaliza kuita. Na bado mahali hapo pana utulivu, kwa kuwa kila mmoja anajua sauti ile ni ya nani. Sauti inayoogopesha usiku ni ile usiyomjua mwenyewe. Mtu anayefuata ukimya peke yake, akaupata, mara nyingi hugundua baada ya mwaka mmoja au miwili kwamba alichokipata ni upweke wenye upepo mzuri.

Sasa tutazame jinsi utulivu huu unavyovunjwa, na tuanze na njia.

Njia nyingi za ukanda huu hazimo kwenye ramani yoyote. Zilikanyagwa na miguu. Njia hupita kando ya mkorosho wa fulani, ikazunguka kichuguu, ikateremka hadi dikoni ambako ngalawa hupandishwa na samaki huuzwa. Hiyo ndiyo njia ya mvuvi anayeamka usiku wa manane kufuata maji. Ndiyo njia ya wanawake wanaokwenda kutanda uduvi na kuokota chaza maji yanapokupwa, na ya wale wa Mlingotini wanaolima mwani. Ndiyo njia ya mama anayenunua samaki wa kukaanga akawauze gengeni. Ndiyo njia ya watoto wa shule. Kisha siku moja eneo linauzwa, unajengwa ukuta wa tofali, na njia inaishia ukutani. Aliyejenga hakumchukia mtu. Aliuziwa ekari mbili, na katika karatasi yake ya mauziano njia haikuandikwa. Lakini mvuvi sasa anazunguka mwendo mrefu akiwa na mashine begani, na mwanamke aliyezoea kufika pwani kabla ya jua anafika samaki wamekwisha nunuliwa. Utulivu wa mmoja umelipiwa na miguu ya mwingine kila siku ya Mungu, na hakuna aliyemwomba ridhaa.

Hayati Baba Mtakatifu Fransisko aliliona jambo hili na kuliandika katika waraka wake Laudato Si' wa mwaka 2015. Katika aya ya 45 alieleza jinsi maeneo yenye uzuri wa pekee yanavyofanywa kuwa mali ya wachache, na jinsi mitaa mizuri inavyojengwa na kufungiwa wengine ili waliomo wapate utulivu ambao si wa kweli bali wa kutengenezwa. Alikuwa anaandikia dunia nzima. Anayeujua mwambao wetu hupata shida kuamini kwamba hakuwa amepita huku.

Na sheria za nchi nazo haziko kimya. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu, na zile zinazoweza kuuharibu ufukwe, ndani ya mita 60 kutoka mwambao wa bahari. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inatambua kwamba kijiji kina ardhi ya matumizi ya pamoja, na inatoa nafasi ya kuitenga na kuiandikisha. Maana yake ni kwamba njia ya kwenda pwani inaweza kulindwa kabla haijafungwa, iwapo watu watakaa na kusema ipitie hapa, iandikwe, na asiuziwe mtu. Baada ya ukuta kusimama, kinachobaki ni kesi, na kesi za ardhi huwazika walalamikaji.

Tukitoka kwenye njia tuingie kwenye mauziano yenyewe. Hapa tuseme kwa haki kwa pande zote mbili, kwa kuwa si kweli kwamba muuzaji daima ni mnyonge na mnunuzi daima ni mkorofi. Wapo wenyeji wanaouza kiwanja kimoja kwa watu watatu. Wapo vijana wanaouza shamba la marehemu baba yao kwa haraka, wakanunua pikipiki, na kabla ya miaka miwili pikipiki ni chuma chakavu na shamba ni la mtu mwingine. Hao wanastahili kukemewa, na wazee wao wamekwisha kuwakemea. Lakini mnunuzi mwenye elimu na fedha, akiwa pia ni Mkristo, hawezi kujificha nyuma ya ujinga wa muuzaji. Ukiona unauziwa ardhi ya urithi na kijana mmoja ilhali mama yake na dada zake hawapo kikaoni, wewe unajua kwamba kuna jambo haliko sawa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inakataza mume au mke kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Ukiuziwa usiku, kwa siri, kwa bei ya kutupa, basi bei hiyo ya kutupa ni ushahidi dhidi yako.

Kitabu cha kwanza cha Wafalme kina habari ya Nabothi na shamba lake la mizabibu. Watu wengi hukumbuka mwisho wake wa damu na kusahau mwanzo wake. Mfalme Ahabu hakuanza kwa upanga. Alianza kwa kutoa bei nzuri, na hata shamba mbadala lililo bora zaidi. Tatizo lake lilikuwa kutoelewa kwamba kwa Nabothi ardhi ile haikuwa kiwanja, ilikuwa ni baba zake. Huku kwetu yapo mashamba ambayo chini ya mkorosho mmoja kuna kaburi la bibi, bila msalaba wala jiwe lililoandikwa, ila wajukuu wanalijua. Mnunuzi anayeleta greda kabla ya kuuliza yuko karibu sana na Ahabu, hata kama risiti zake zote ziko sawa.

Jambo la tatu ni kuta. Tunaelewa kwa nini zinajengwa. Wizi upo, na aliyeibiwa mara moja hahitaji mahubiri juu ya uzuri wa michongoma. Lakini tufikiri pamoja. Nyumba inayoonekana na majirani inalindwa na macho ya majirani, usiku na mchana, bila mshahara. Ukuta mrefu ukishasimama, mwizi akifanikiwa kuuruka, ukuta ule ule unamlinda yeye, maana hakuna tena anayemwona. Na pale kuta zinapopangana pande zote mbili za njia, njia inakuwa mtaro wa giza ambao binti akitoka kwaya jioni anauogopa kuliko pori. Tena tumewahi kuitwa kumpaka mgonjwa mafuta matakatifu katika nyumba ya namna hiyo, na katika hali kama hizo mara nyingi huonekana kwamba jirani wa ukuta kwa ukuta hakujua hata kwamba kuna mgonjwa. Mtu amelindwa na wezi, akalindwa na ndugu pia.

Lililo baya zaidi ni ukuta usio na nyumba ndani yake. Tembea Dominika alasiri uhesabu mwenyewe: eneo limezungushiwa tofali, geti limefungwa kwa kufuli lenye kutu, ndani ni nyasi na nyoka. Mwenyewe yuko mjini au ng'ambo, anangoja bei ipande. Hapo zamani palilimwa mihogo. Sasa hapalimwi, hapakaliwi, hapapitiki. Nabii Isaya aliwalilia wale waliounganisha nyumba kwa nyumba na shamba kwa shamba mpaka nafasi ikaisha. Huku kwetu imekuwa ajabu zaidi, kwamba nafasi inaisha na wenye nafasi hawapo.

Jambo la nne ni maji na mikoko. Katika wilaya hii ya Bagamoyo upo mtambo wa Ruvu Chini, wenye uwezo wa kuzalisha lita milioni 270 za maji kwa siku, na maji hayo huelekea Dar es Salaam. Ndani ya vitongoji, wengi wetu tungali tukitegemea visima na maboza. Karibu na bahari maji matamu chini ya ardhi huelea juu ya maji ya chumvi, kama mafuta yanavyoelea juu ya mchuzi. Kila nyumba ikichimba kisima chake kirefu na kuvuta bila kipimo ili kumwagilia majani ya bustani, maji matamu hupungua na chumvi hupanda. Haipandi katika kisima cha aliyevuta sana peke yake. Hupanda na katika kisima kifupi cha jirani ambaye hana pampu. Kadhalika shimo la choo lililochimbwa kwa pupa karibu na mpaka huwa kinywaji cha nyumba ya pili.

Na mikoko, wapendwa, si uchafu wa ufukweni unaozuia mandhari. Katikati ya mizizi yake ndimo samaki na kamba hukulia wangali wadogo, na mizizi hiyo hiyo hushika udongo mawimbi yanapokuja kwa nguvu. Anayekata mikoko ili aione bahari akiwa kibarazani, asishangae bahari nayo ikianza kusogea imwone yeye. Na mchanga unaochotwa mitoni usiku kwa malori kwa ajili ya ujenzi wetu ni mchanga ambao mto ungeupeleka pwani kuujaza ufukwe. Nyumba nyingi nzuri zimejengwa kwa mchanga uliokusudiwa kuzilinda.

Jambo la tano ni kelele, na hapa hatutamwacha mtu. Wapo wanaofungua baa katikati ya makazi na kupiga muziki hadi alfajiri. Wapo wanaolalamikia adhana ya alfajiri katika mahali ambapo adhana imesikika karne nyingi kabla ya wao kununua kiwanja. Magofu ya msikiti wa Kaole yapo hapo karibu, waende wakayaone. Mwambao huu ni wa Waislamu na Wakristo, na amani yake ni ya zamani. Haikuletwa na semina. Aliyekuja jana hana mamlaka ya kuipima upya. Na iwapo mkesha wa jumuiya una watu ishirini, hauhitaji vipaza sauti vya watu elfu. Mungu anasikia, na jirani yetu ana mtoto mchanga.

Tunajua pingamizi litakalotolewa. Msomaji atasema: mimi nilinunua kihalali, nimelipa, nina hati, nimefanya kazi maisha yangu yote, je, sina haki ya kupumzika katika nyumba yangu? Jibu letu ni kwamba haki hiyo unayo, wala hatuiondoi. Kanisa limetetea haki ya mtu kumiliki mali binafsi tangu waraka wa Papa Leo wa 13 wa mwaka 1891, na hata kabla. Lakini Kanisa hilo hilo limefundisha daima kwamba vitu vya dunia viliumbwa kwa ajili ya wote, na kwamba umiliki wa mtu mmoja una deni kwa jamii. Hati inakupa ardhi. Haikupi ujirani, na bila ujirani ardhi yenyewe haikaliki. Mtu atakayekubeba usiku ukianguka bafuni ni yule aliye ng'ambo ya ukuta, na hati yako haitamwamsha.

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Tunaona hicho ndicho kipimo kinachofaa. Ukitaka kujua kama umehamia vema mahali, usiulize wewe umepona kiasi gani. Uliza mwenyeji amepona nini kwa kuja kwako. Je, amepata njia pana zaidi au amepoteza ile aliyokuwa nayo? Je, kijana wake amepata ufundi kwenye ujenzi wako, au umeleta mafundi wote kutoka mjini ukamwachia kazi ya kufungua geti la shamba lililokuwa la babu yake? Je, mtoto wake anasoma shule moja na wako, au mabasi ya njano humchukua wako asimwone kamwe?

Tusibaki kwenye maswali. Yapo mambo ambayo kila mmoja wetu anaweza kuyafanya, na tunayaomba kwa uzito.

Kwanza, kila aliye na kiwanja kilichofunga njia iliyokuwapo, na akachunguze dhamiri yake, kisha aurudishe ukuta hatua chache. Hatua mbili za ardhi zinatosha mvuvi na mtoto wa shule kupita. Ni sadaka ndogo kuliko nyingi tunazoziweka kwenye kikapu, na matunda yake yataonekana kesho yake asubuhi.

Pili, anayenunua ardhi aonane na familia nzima ya muuzaji, na mama akiwemo. Aulize habari za makaburi, njia na visima kabla ya kuuliza bei. Yaandikwe katika mkataba mbele ya viongozi wa kijiji.

Tatu, mwenye eneo lililozungushiwa ukuta bila nyumba amruhusu jirani alime mihogo na kunde hadi siku atakapojenga, kwa makubaliano ya maandishi ili pasiwe na ugomvi baadaye. Nyasi zitaisha, wezi watakosa maficho, na familia moja itakula.

Nne, mhudhurie jumuiya ndogondogo. Maaskofu wa AMECEA walizifanya kuwa kipaumbele cha kichungaji tangu miaka ya 1970 kwa sababu walitambua kwamba parokia ni kubwa mno kwa watu kujuana. Kuna waamini wanaoendesha gari kilomita 40 kusali katika parokia waliyohama, na hawajui jina la mtu hata mmoja wa nyumba kumi zinazowazunguka. Huko ni kulala Kerege na kuishi Sinza.

Tano, na hili ndilo tunalolisisitiza kuliko yote: nendeni kwenye mkutano mkuu wa kijiji. Kwa mujibu wa sheria ya mwaka 1982, kila mkazi wa kawaida wa kijiji aliyetimiza miaka 18 ni mjumbe wa mkutano huo, na mkutano unapaswa kuitishwa walau mara moja kila miezi mitatu. Humo ndimo unapojadiliwa mpango wa ardhi, njia, visima, usafi na ulinzi. Wahamiaji wengi hawajawahi kukanyaga humo. Wanamwachia mwenyeji mzee akae chini ya mwembe na kuamua peke yake, kisha wanalalamika kwamba uongozi haufai. Tukienda, tusiende kama walimu. Tukae, tusikilize, tuamkie wakubwa shikamoo, na zamu yetu ikifika tuseme. Na la kwanza kuliomba liwe hili: kwamba njia za kwenda bahari ziorodheshwe zote, kwa majina yake ya asili, na kuandikishwa kuwa ardhi ya pamoja, kabla ya kiwanja kingine kuuzwa.

Mwaka 2025 Baba Mtakatifu Fransisko, majuma machache kabla ya kuiaga dunia, aliiinua Bagamoyo kuwa jimbo. Wengi tulishangilia, na ilistahili. Lakini jimbo si mipaka kwenye ramani wala kanisa kuu peke yake. Litajengwa kwa jinsi watu wa ukanda huu watakavyoishi pamoja: waliozaliwa hapa na waliofika mwaka jana, mwenye hati na mwenye kumbukumbu, anayesali Ijumaa na anayesali Dominika. Miaka kumi ijayo watakuja wengi zaidi, kwa kuwa jiji halitaacha kumwagika. Njia ambazo hatutaziandikisha sasa hawatazikuta.

Mkutano wa kijiji ujao utatangazwa na mabalozi wenu. Ulizeni tarehe yake juma hili, mtupe taarifa kila jumuiya itatuma watu wangapi.

Mungu awabariki nyote, pamoja na majirani zenu.